Kuwasha Gari la Baba Mkwe

Gari la baba mkwe lilitoa moshi mweusi hata kabla halijatoka uani, na mtaa mzima kule Pasiansi, Mwanza, uliutambua moshi ule. Jirani wa kulia alikuwa akisikia tu mlango wa gari unafungwa anakimbia kuanua nguo. Mimi nilicheka kama wengine, ila kimoyomoyo, kwa sababu nilikuwa mkwe mpya na mkwe mpya hacheki hovyo. Sikujua kwamba moshi ule ungenifikia na mimi.

Baba mkwe alikuwa dereva wa kiwanda kimoja cha Nyakato tangu ujana wake. Viwanda vilipoanza kuuzwa, waliovinunua wakaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Kiinua mgongo chake chote alikitia katika gari lile. Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanamiminika bandarini, na mtu aliyeendesha gari la wengine maisha yake yote aliweza, kwa mara ya kwanza, kuwa na la kwake. Alilifuata Dar es Salaam mwenyewe na kurudi nalo kwa barabara, koti lake la kazini mwilini, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa na mpango wa teksi. Angebeba wasafiri wa uwanja wa ndege na wale wa kivukoni Kigongo wanaovuka kwenda Busisi, na uzee wake ungepita hivyo bila kumnyooshea mtoto yeyote mkono.

Kumbe huko lilikotoka, mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa mashindano. Alikuwa ameng'oa kompyuta ya injini iliyokuja na gari, ile ambayo mafundi wetu wanaiita kontrol boksi, akafunga nyingine ya kununua pembeni, ya kampuni nyingine kabisa, ambayo mtu anaweza kuiunganisha na kompyuta ya kawaida akaipangia mwenyewe kiasi cha petroli. Fundi aliyeitwa uani alipofungua chini ya dashibodi upande wa abiria alikuta kiboksi cha kijivu ambacho hajawahi kukiona. Chini ya tairi la spea alikuta mfuko wa nailoni wenye waya na disketi. Fundi alikuwa mtu mwaminifu. Alisema kiboksi hicho ndicho kinachomwaga petroli ovyo, lakini kwa nini, hilo lazima mtu akiulize chenyewe, na yeye hana cha kukiulizia.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale na ndoo. Akasema, "Si tuna mkwe anayefundisha kompyuta."

Mimi ni Mhaya. Watani wetu husema Mhaya hajui neno sijui, na kwamba akiulizwa njia ya mji ambao hajafika atakuelekeza kwa Kiingereza. Mengi wanatusingizia, hilo hawakunisingizia. Kituo nilichofundisha kilikuwa chumba kimoja karibu na posta, na nilichofundisha ni kuandika barua, kupiga mahesabu, na namna ya kuzima kompyuta bila kuchomoa waya ukutani. Habari za injini nilizijua kama ninavyojua habari za mwezini. Lakini mama aliponiletea ombi lile, likiwa limetoka kwa baba mkwe, nilijibu kwamba nitaangalia. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye ameangalia mengi.

Lazima nieleze kidogo mambo ya ukweni kwangu, la sivyo haya yanayofuata yataonekana mchezo. Mume wangu ni Mjita. Kwao, kwa kizazi kile cha wazazi wake, mkwe wa kike na baba mkwe hawakaribiani. Simsalimii ila nimepiga magoti kwa mbali. Sikalii kiti chake, sipiti mbele yake akiwa anakula, simtazami usoni, naye hanitazami. Akiwa na neno nami, anamwambia mama, mama ananiambia. Nikiwa na neno naye, inakuwa hivyo hivyo kurudi. Hata tukiwa wote uani na neno limesikika na kila mtu pamoja na kuku, linasubiri mpaka mama alirudie ndipo linahesabika kuwa limesemwa. Nilipoolewa niliona ni mzigo. Baadaye nikaona una raha yake, maana katika ndoa ya kigeni kuna mambo mengi ambayo mtu anashukuru hayamfikii moja kwa moja.

Mume wangu ndiye angeweza kunisaidia, lakini alikuwa Geita kwa wachimbaji wa dhahabu na asingerudi kabla ya mwisho wa mwezi. Wadogo zake walikuwa shule za bweni. Tukabaki watatu. Tena mnunuzi mmoja wa Igoma, anayenunua magari mabovu na kuyakata vipuri, alikwisha kuja kulitazama gari na kuahidi kurudi kuchukua jibu. Baba mkwe alikuwa amemwambia aje Jumapili ya wiki ya pili. Likiwa halijapona siku hiyo, atalichukua. Mama alinieleza hayo tukichambua mchele, akaongeza kwamba mzee hali vizuri na usiku anakaa kitandani ameegemea ukuta.

Wao ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hata boneti haikufunguliwa. Nilianza Jumapili. Mkuu wangu wa kazi alikuwa ameniazima laptopu ya kituo, nzito kama tofali, betri lake limekufa, kwa hiyo tulipitisha waya mrefu wa umeme dirishani kutoka sebuleni hadi uani. Nilimwomba Mungu umeme usikatike, na siku ile haukukatika, ingawa wiki ile ulikuwa wa mgawo.

Kiboksi kilikuwa ndani kabisa, chini ya dashibodi, na soketi yake ilikuwa imetazama ukutani. Hapakuwa na namna ya kuifikia ila kuingiza kichwa mahali pa miguu, magoti yakiwa chini uani na sehemu nyingine yote ya mwili wangu ikiwa imeelekezwa mbinguni. Mama alinifunga kanga mbili juu ya sketi na kwenda kumwambia mzee akae nyuma ya nyumba. Mzee akaenda. Nikaingia, nikapapasa, nikajikwaruza vidole, na nilikuwa nimeanza kuipata ile soketi niliposikia hatua zinakuja, halafu zinasimama. Alikuwa amekumbuka kwamba kule ndani ni giza, akaniletea tochi. Alipokunja kona ya nyumba alikutana na mimi katika hali ile.

Sikumwona, nilimsikia tu. Tochi iliwekwa chini taratibu, na hatua zikaondoka kwa haraka ambayo sikutegemea kwa mtu wa umri wake. Nilibaki na kichwa changu ndani ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilitamani injini inimeze. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, nina watu wananiita madamu, lakini pale nilijisikia kama nimekutwa naoga.

Tulipofika kwenye kazi yenyewe kukawa na tatizo la ufunguo. Kiboksi hakiamki mpaka swichi ya gari iwekwe oni, na baba mkwe, kama madereva wote wa zamani, alikuwa amefunga swichi ya siri mahali fulani upande wa dereva ili gari lisiibiwe. Hakumwonyesha mtu siri hiyo, hata mama. Kwa hiyo ilikuwa lazima awashe yeye. Na yeye hawezi kuwa ndani ya gari na mimi nimo. Basi tukawa tunafanya hivi. Mimi nakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa abiria, laptopu iko juu ya kiti cha abiria, ule waya wa chini ya spea umeunganishwa. Ninamwambia mama kwamba naomba baba aweke swichi oni. Mama anakwenda hadi kwenye ua wa minyaa anaposimama mzee, anamwambia. Mimi nainuka, nakwenda kusimama kwenye ukuta wa jiko, naupa uso. Mzee anakuja, anawasha, anarudi kwenye minyaa. Mama ananiita. Narudi, nakaa, nabonyeza.

Programu niliyoitoa kwenye ile disketi inahangaika kidogo, halafu inaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna anayejibu.

Tulirudia mpaka jua likapinda. Washirika wa makanisa mengine walikuwa wanarudi ibadani, na kila aliyepita alisimama. Kwa macho yao ilikuwa ni ngoma ya aina yake: mwanamke anainuka anakwenda ukutani, mzee anakuja, mzee anaondoka, mwanamke anarudi. Mmoja aliuliza kama tunafukuza pepo. Nilibadilisha kila kitu nilichojua kubadilisha. Nilichomoa puku, kile kipanya cha laptopu, niliyodhani inagombania njia na ule waya, nikazima laptopu na kuiwasha upya, nikanakili disketi, nikabadili kasi ya mawasiliano kutoka namba moja hadi nyingine. Hakuna anayejibu. Mwisho nikamwambia mama kwamba waya ni mbovu. Sikuwa na ushahidi wowote, ila waya hauwezi kujitetea.

Wiki ile niliupeleka waya kwa fundi redio wa sokoni, akaupima akasema ni mzima. Sikumwamini. Nikauunganisha kazini kati ya laptopu na kompyuta nyingine, nikatuma maneno kutoka huku, yakafika kule yote bila kupungua hata herufi. Waya ulikuwa mzima kuliko mimi. Nilikaa mbele ya darasa langu siku hizo nikiwafundisha watu kwa kujiamini, na ndani nilikuwa najua kwamba kuna mzee Pasiansi ameegemea ukuta usiku kwa sababu alisikia neno kompyuta na akadhani kompyuta zote ni moja.

Jumapili ya mnunuzi ilifika. Mama alisema mtu huyo amekwisha kutuma salamu kwamba atakuja alasiri. Tulianza asubuhi, ile ngoma yetu ya kwenda ukutani na kurudi, na majibu yalikuwa yale yale. Nadhani ilikuwa hasira tu iliyonifanya nifanye nilichofanya. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wa jiko, nasikia ufunguo unaingia, na nikachoka kutazama masizi. Nikageuka. Mkwe mwenye adabu hageuki, lakini niligeuka, na kupitia mlango wa abiria uliokuwa wazi nikakiona kile kiboksi. Kilikuwa na kitaa kidogo chekundu ambacho kila niliporudi kwenye kigoda nilikikuta kimewaka kimetulia. Sasa kilikuwa kinapepesa. Kilipepesa haraka haraka kwa muda wa pumzi mbili tatu, halafu ndipo kikatulia.

Baba mkwe aliinua uso. Tulitazamana. Sikumbuki ni nani aliyeanza kuyaondoa macho, nakumbuka tu jinsi masikio yangu yalivyopata moto.

Lakini nilikuwa nimeelewa. Kile kiboksi kikiamka husikiliza kwanza, muda mfupi tu, kama kuna mtu anataka kusema nacho. Asipotokea mtu, kinatulia na kushika kazi yake ya injini, na baada ya hapo hata ukipiga kelele hakigeuki. Na sisi, kila mara, kabla mzee hajafika kwenye minyaa na mimi sijafika kwenye kigoda, kilikuwa kimekwisha kusikiliza kimemaliza. Waya ulikuwa mzima, na kiboksi kilikuwa kizima. Kilichokuwa kinachelewa ni heshima yetu.

Nilimweleza mama kwa kuzunguka sana. Nilisema inabidi mimi niwe nimekaa kwenye laptopu wakati ule ule baba anawasha. Mama alinielewa upesi kuliko nilivyotaka. Akatazama chini, kisha akaingia ndani na kutoka na kanga yake kubwa ya harusi ya binti yao. Aliitundika katikati ya gari, kutoka paani hadi kwenye breki ya mkono, akaibana kwa pini za nguo. Halafu akakaa kiti cha nyuma, katikati, akiwa shahidi na mjumbe. Nikaingia upande wa abiria, laptopu mapajani, uso dirishani. Baadaye nikasikia mlango wa dereva unafunguliwa na springi za kiti zinakaa chini. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa baba mkwe. Nilinusa sabuni ya Mbuni aliyofulia shati lake. Kwenye minyaa palikuwa pamejaa watu, na hakuna aliyekuwa anacheka, jambo lililokuwa baya zaidi.

Nikamwambia mama, naomba baba awashe. Nikabonyeza. Mama akamgeukia mumewe kwa upande ule mwingine wa kanga, akakohoa, akasema, "Baba, anaomba uwashe." Swichi ikalia. Na programu yangu, ambayo nayo haikuwa na subira, ilikuwa imekwisha kuandika kwamba hakuna anayejibu.

Tukarudia, safari hii nikangoja mama aseme kwanza ndipo nibonyeze. Lakini mzee alipomaliza kuambiwa alikaa kimya kidogo, kama mtu mzima anavyokaa kabla ya kutimiza neno la mkewe, asije akaonekana anakimbizwa. Nilibonyeza mapema. Tukarudia, nikabonyeza kwa kuchelewa. Tukarudia. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na mama alikuwa anazidi kufupisha, kutoka anaomba uwashe hadi washa anasema, lakini bado kati ya neno langu na mkono wa mzee palikuwa na mtu wa tatu, na kile kitaa hakikuwa na adabu ya kumsubiri.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nililifikiria neno hilo, na sikulipenda hata kidogo, maana mimi siku hizo nilishaonyesha uchi wangu wa kutosha. Nilifikiria kuzima laptopu na kusema imeshindikana. Ingekuwa heshima. Wangesema mkwe wetu alijitahidi, na mnunuzi angekuja na kamba yake ya kuvutia, na mzee angebaki na koti la kazini bila kazi. Hakuna ambaye angenilaumu hata siku moja. Ndiyo maana nilishindwa kufanya hivyo.

Nikaweka kidole kwenye kibodi. Nikatazama dirishani, upande wa ziwa. Nikasema kwa sauti, bila kupitia kwa mtu, "Baba, washa."

Nyuma yangu nilimsikia mama anavuta pumzi. Kwenye minyaa mtu aliguna. Na swichi ikalia, papo hapo, kabla sijamaliza kufunga mdomo.

Kioo kikajaa namba. Zilikuwa zinacheza zote kwa pamoja, kasi ya injini, hewa, petroli, na mojawapo ilikuwa haichezi. Ilikuwa ya joto la maji ya injini. Hiyo ilisema maji yale yana baridi ya kupita barafu yoyote, sisi tukiwa Mwanza, saa za mchana, mwezi wa Oktoba. Hapo hata mimi nisiyejua injini niliona. Kiboksi kilikuwa kinaamini kwamba gari limeganda, kwa hiyo kilikuwa kinalimwagia petroli kama mtu anavyomwagia mafuta ya taa kuni mbichi.

Nikasema utazamwe waya wa joto la maji, na safari hii sikujua hata kama nimemwambia nani. Baba mkwe alikuwa ameshashuka. Alifungua boneti, sikumwona tena, nilisikia tu sauti yake akiuliza, "Huu wa karibu na rejeta?" Hakumuuliza mama. Nikamwambia, "Utikise, baba." Namba haikucheza. "Si huo. Ulio juu yake." Namba ikaruka, ikarudi. "Hapo hapo. Shika. Usiachie." Alishika. Namba ikapanda hadi mahali panapoeleweka, ikatulia. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, kwa nje hauonekani. Aliumenya, akausokota, akaufunga kwa utepe wa umeme, na alipowasha tena ngurumo ya injini ilikuwa nyingine kabisa, na moshi uliotoka nyuma ulikuwa mwepesi kama wa sigara.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nakumbuka sauti yangu. Shika. Usiachie. Nilikuwa nimemwamrisha baba wa mume wangu, mara nyingi, bila naomba, bila tafadhali, mbele ya wapita njia, na katika furaha ya zile namba sikuwa nimeona hata moja. Nilifunga laptopu, nikatoka kwa upande wangu bila kutazama nyuma, nikaingia jikoni, lile jiko la mabati la uani, na nikakaa karibu na moto kana kwamba ugali hauwezi kuiva nisipoutazama. Niliwaza namna ya kumweleza mume wangu. Niliwaza nyumbani kwetu watasema nini wakisikia. Mama alikuja, akakaa mbele yangu, akaanza kukata mboga. Hakunisifu wala hakunikaripia.

Mnunuzi alikuja alasiri kama alivyosema. Tulimsikia kupitia mabati. Alikuwa na gari la kuvutia na vijana wake, na alikwisha kupita dukani, kwa hiyo habari anazo. Mzee alipomwambia kwamba gari haliuzwi, mtu yule alicheka kicheko cha biashara iliyoharibika.

"Kwa hiyo ni kweli nilivyoambiwa hapo dukani," alisema. "Kwamba siku hizi, mzee, unaamrishwa na mkweo."

Waliokuwa wamebaki kwenye minyaa walicheka. Kisu cha mama kilisimama juu ya sukumawiki. Nilifumba macho. Nilijua sasa mzee atajibu jambo la kujisafisha, na ilikuwa haki yake. Angeweza kusema ni mtoto wa mjini, hajui mila, ni Mhaya, tumsamehe. Nilikuwa tayari. Ningepiga magoti palepale jikoni.

"Aliniambia washa, nikawasha," baba mkwe alisema. "Gari siuzi. Karibu uji."

Mnunuzi hakutaka uji. Tulilisikia gari lake likiondoka, na watu wakatawanyika. Halafu hatua za mzee zikaja upande wa jiko, jambo ambalo hajawahi kulifanya mimi nikiwa ndani. Zilisimama nyuma ya bati, upande wa nje. Ningeweza kunyoosha mkono nikaligonga lile bati alipoegemea. Alikohoa, akamwita mkewe.

"Mwambie mama huyo," alisema, "kwamba nilikuwa namsikia. Tangu ile Jumapili ya kwanza. Kila alipokwambia uniambie niwashe, nilikuwa nimekwisha kusikia."

Nilisikia kila neno. Mama naye alijua nimesikia, magoti yetu yalikuwa yanakaribia kugusana. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanigeukia kwa taratibu zote.

"Baba anasema alikuwa anakusikia," aliniambia. "Tangu mwanzo."

Uso uliniwaka, na haukuwa moto wa jikoni. Nilikuwa nimedhani aibu yote ya uani pale ni yangu. Kumbe mzee naye Jumapili zote mbili alisimama kwenye minyaa, sauti yangu masikioni, akingoja kuambiwa alichokwisha kukisikia, huku gari lake linamponyoka. Na mimi Jumapili hizo hizo nilikuwa naona minyaa ile ilivyo karibu.

"Mwambie baba," nilimwambia mama, "hata mimi nilijua ananisikia."

Mama alinitazama kidogo. Kisha akaligeukia lile bati na kuinua sauti, kama anamwambia mtu aliye mbali sana.

"Anasema alijua."

Nyuma ya bati baba mkwe akasema, "Haya," akaondoka kwenda kufunika gari.